Msimu wa Kaskazi Usio na Tarehe

Alasiri ya Jumapili moja ya mwaka 2020 tulitoka na watoto tukaishika njia ya Mama Ngina, tukaenda hadi upande wa Ras Serani, pale mibuyu mikongwe inapoutazama mlango wa bahari wa Kilindini. Watoto walitaka mihogo na madafu. Sisi watu wazima tulikuwa na jambo jingine moyoni. Usiku wa kuamkia siku hiyo alitujia jirani yetu wa Mji wa Kale, mama mjane anayeshona kofia kwa mkono na kuuza leso na viungo si mbali na Fort Jesus. Alikuja na bangili zake mbili za dhahabu zimefungwa katika ncha ya leso, na swali moja tu: je, aziuze anunue bidhaa mapema, kabla ya Novemba, ili meli za watalii zitakapoanza kuingia zimkute duka limejaa?

Hatukuwa na jibu la kumpa usiku ule. Tulimwambia atupe siku mbili tatu. Basi tulipokaa pale ukutani, huku watoto wakihesabu vyombo vinavyopita, fikira zetu zote zilikuwa katika bangili zile.

Bahari haikuwa tupu. Meli ya makasha iliingia polepole ikiongozwa na tagi mbili, na upande wa Likoni feri zilikuwa zikivuka na watu wao kama kawaida, wote wamevaa barakoa. Mizigo haikuwahi kusimama hata katika miezi iliyokuwa migumu kabisa. Kilichokosekana ni ile meli nyeupe, ndefu kama mtaa mzima, ambayo kila aliyekulia Mombasa anaijua. Mtoto wetu mdogo aliuliza: "Ile yenye madirisha mengi itakuja lini?" Tukatazamana, kwani ndilo swali lile lile la jirani.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuiona siku ya meli, tueleze kidogo. Meli hufunga gati Kilindini alfajiri. Kufikia saa mbili asubuhi mabasi na teksi zimekwisha kupanga foleni, wengine wakiwapeleka wageni Tsavo kutazama ndovu, wengine wakiwaleta mjini. Wageni huingia Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, kisha huteremka Ndia Kuu wakitazama milango ya nakshi na roshani za mbao. Hapo ndipo riziki inapogawanyika. Huyu amenunua kikoi, yule amechorwa hina mkononi, mwingine ameonjeshwa kahawa chungu kwa halua, mwingine ameondoka na hiliki, mdalasini na karafuu zilizofungwa katika karatasi. Jioni meli huondoka, na nyumba nyingi ambazo hazina mshahara wa mwisho wa mwezi huwa zimepata karo, kodi ya nyumba au unga wa wiki mbili.

Wageni hawa huja zaidi katika msimu wa kaskazi, na jambo hilo si geni kwetu. Wazee wetu walingoja kaskazi vile vile. Upepo huo ndio uliokuwa ukiyaleta majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi hadi Bandari ya Kale, yakiwa na tende, mazulia na chumvi. Na kusi ndiyo iliyoyarudisha yakiwa na boriti za mikoko na nazi. Mfanyabiashara wa zama zile aliweza kukopa bidhaa kwa ahadi ya msimu, kwa kuwa alijua kwamba upepo ungegeuka. Ungeweza kuchelewa kwa siku, lakini ungekuja. Kaskazi ya mwaka 2020 nayo ingevuma kwa wakati wake, inshallah. Meli ndizo ambazo hazikuwa na wa kuziahidi.

Tukumbuke zilivyosimama. Tarehe 3 Februari mwaka huo wa 2020, meli iitwayo Diamond Princess ilifika Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711. Abiria mmoja aliyekwisha kushuka Hong Kong alikuwa amegunduliwa kuwa na virusi vya korona. Waliobaki waliwekwa karantini humo humo melini, na kufikia mwisho wake zaidi ya watu 700 walikuwa wameambukizwa. Meli nyingine, Westerdam, ilikataliwa na bandari moja baada ya nyingine hadi Kambodia ilipoipokea tarehe 13 Februari. Mwezi wa Machi ikawa zamu ya Zaandam, iliyozunguka pwani za Amerika ya Kusini ikiwa na wagonjwa na maiti ndani yake bila ya kupata pa kutia nanga, hadi ilipofika Florida mwanzoni mwa Aprili.

Sababu si ngumu kuielewa. Meli ya watalii ni mji uliobanwa. Maelfu ya watu hula katika kumbi zile zile, hupita ujia ule ule, hushika vitasa vile vile. Wengi wa abiria ni wazee, na mabaharia hulala wawili au zaidi katika chumba kimoja kidogo. Kisha mji huo hautulii mahali pamoja: kila siku mbili tatu huwateremsha watu wake katika mji mwingine.

Ndiyo maana tarehe za kurejea zilikuwa kama kivuli, ukikisogelea nacho husogea. Nchini Marekani, ambako makampuni makubwa ya meli hizi yana makao yake, idara ya kudhibiti maradhi ilitoa amri ya kuzuia safari tarehe 14 Machi. Mwanzo ilikuwa ya siku 30. Ikaongezwa mwezi wa Aprili, ikaongezwa tena Julai hadi mwisho wa Septemba, kisha ikasogezwa hadi tarehe 31 Oktoba. Kila ilipoongezwa, kulikuwa na watu waliokwisha kulipia safari, na kulikuwa na watu kama jirani yetu, ng'ambo ya dunia, waliokuwa wakihesabu siku.

Zilikuwapo zilizojaribu kurudi. Norwei waliruhusu safari za pwani yao, na mwisho wa Julai meli moja ikarudi Tromsø na maambukizi, serikali ikalazimika kufunga tena mlango. Italia nayo, katikati ya Agosti, iliruhusu meli kutoka Genoa kwa masharti: kila abiria apimwe kabla ya kupanda, na wanaoshuka bandarini watembee pamoja chini ya uangalizi, si kila mtu na njia yake. Hilo la mwisho lilitugusa. Mgeni asiyeruhusiwa kuingia kichochoroni peke yake hawezi kuifikia baraza ya jirani yetu.

Liko jambo jingine ambalo hatukuliwaza mpaka tulipokaa kulifikiri vizuri. Meli haiji Mombasa peke yake. Safari moja huunganisha bandari nyingi, Shelisheli, Mombasa, Zanzibar, Bukini na kusini zaidi, kama shanga katika uzi mmoja. Kenya ilifungua anga yake kwa ndege za nje tarehe 1 Agosti, lakini Shelisheli ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba haitapokea meli za watalii hadi mwisho wa 2021. Hata sisi tukiwa tayari, na gati likiwa tayari, shanga moja ikikatika uzi mzima humwagika.

Haikutupasa kuwalaumu waliofunga milango. Sisi wenyewe tulifungiwa. Mwezi wa Mei, katika Ramadhani, Mji wa Kale ulizuiwa watu wasiingie wala kutoka, na Idi ikatukuta ndani. Wengi tulinung'unika, na njaa iliingia katika nyumba ambazo hazikuizoea. Lakini tulikuwa na wazee wetu ndani ya nyumba zile zile, bibi na babu, na vyumba vyetu havikupishana sana na vyumba vya mabaharia kwa ufinyu.

Pwani yetu pia inalijua jambo hili tangu zamani. Kisiwa cha Changuu, mbele ya Mji Mkongwe wa Unguja, kilijengwa gereza katika miaka ya 1890, kisha kikageuzwa kuwa mahali pa karantini kwa abiria wa meli waliohofiwa kuleta maradhi. Leo watalii hupelekwa huko kupiga picha na makobe wakubwa. Kabla ya hapo, abiria walitazama mji kwa mbali tu, wakingoja waruhusiwe kushuka.

Na zamani zaidi, Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham alipata habari kwamba tauni imeingia huko. Alishauriana na masahaba, kisha akaurudisha msafara wake. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, jibu lake lilikuwa kwamba anatoka katika kadari moja ya Mungu kwenda katika nyingine. Kisha yakamfikia mafunzo ya Mtume (s.a.w.), kwamba nchi yenye tauni isiingiwe, na aliyemo asitoke kwa kuikimbia. Msafara ule haukupewa tarehe ya kuanza upya. Ulirudi, watu wakashika shughuli zao.

Jua lilipoanza kuzama tulikuwa tumepata la kumwambia jirani. Usiku baada ya Isha tulikwenda kwake, tukaketi ukumbini, tukamweleza hayo yote. Tulimwambia: dada yetu, bangili zako zifunge tena. Usiweke dhahabu, wala usichukue mkopo, kwa ajili ya meli ambayo hata mwenyewe haijui siku ya kung'oa nanga. Shona kofia, lakini kwa uzi ulio nao. Maulidi yako mlangoni, na harusi zilizoahirishwa tangu Machi zimeanza kurudi. Wanaume wa mtaa huu nao wana vichwa. Viungo viuze kwa kipimo kidogo, kwa bei ya mpishi wa nyumbani na si ya mgeni. Binti yako anayechora hina aanze na maharusi wa hapa. Na meli itakapokuja, Mungu akipenda, bidhaa utanunua wiki hiyo hiyo Marikiti, haitakukimbia.

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba uchungu wake hasa haukuwa bidhaa. Kijana wake alikuwa amekwisha kupimwa afya na kusomea kazi ya jikoni melini, na tangu Machi ajenti humwambia "mwezi ujao". Kwa hilo hatukuwa na ushauri wa kutosha. Tulimwambia tu kwamba kijana anayejua kupika watu mia asikae nyumbani akiitazama simu, na tukakubaliana aje aanze kuwapikia wenye harusi, malipo kidogo, kwa masharti ya barakoa na sahani zilizotengwa.

Alifungua leso, akazivaa bangili zake, akatutilia kahawa. Watoto walikuwa wamelala mkekani. Mdogo wetu, kabla ya kusinzia, alikuwa amemwambia mwenye nyumba kwamba Jumapili aliona meli saba na hakuna hata moja yenye madirisha mengi, lakini Jumapili ijayo ataenda tena kuhesabu.