Wazee Wawili Waokoa Filamu

Ukikaa kuitazama Baghban, filamu ya Kihindi iliyoongozwa na Ravi Chopra mwaka 2003, jiandae kwa saa tatu, na baadhi ya dakika zake utazihesabu. Raj, mfanyakazi wa benki aliyestaafu, na mkewe Pooja wamewamalizia watoto akiba yao yote. Wana wao wanne wanaamua kuwagawana: baba aende kwa huyu, mama kwa yule, kwa miezi sita.

Jambo hili ni zito, lakini hadithi imelirahisisha mno. Wana wote ni wabaya kupindukia. Alok, mtoto wa kulea, hana doa. Hatimaye Raj anaandika kitabu, anapata fedha na heshima, na dhiki inakwisha. Je, mzee asiyeweza kuandika kitabu afanyeje?

Hata hivyo, Amitabh Bachchan na Hema Malini wanaiokoa filamu hii. Mtazame Bachchan anapolaumiwa kwa kelele za taipureta yake usiku: uso wake, wala si maneno, ndio unaoeleza jinsi mzazi alivyogeuzwa mgeni nyumbani kwa mwanawe. Wasikilize wawili hao wakizungumza kwa simu siku ya mfungo wa Karva Chauth, kila mmoja katika mji wake. Hapo utasahau udhaifu wote wa hadithi.

Basi, itazame kwa ajili yao. Kisha jiulize, wewe ambaye wazazi wako wanakaribia kustaafu: siku ya kuwapokea itakapofika, utawapokea wote wawili?