Mshono wa operesheni: wa kulala, wa kusimama, na ule usiouona (Sehemu ya 6)

Swali ninaloulizwa sana na wazazi wa huku Mbulu na Hanang ni hili: "Sista, mwenzangu kachanwa kwa kulala, mimi kwa kusimama, tena nimeshonwa nailoni. Nimefanyiwa vibaya?"

Hapana mama. Mchano wa kulala, chini ya kitovu, mara nyingi hauumi sana baadaye na kovu linajificha. Wa kusimama humpa daktari nafasi kubwa na ya haraka hali ikiwa mbaya. Nailoni ya kwenye ngozi unarudi kutolewa. Uzi wa kuyeyuka hautolewi. Uliza kabla hujaruhusiwa: "Wangu ni upi, nirudi lini?"

Ila ngozi ni ya mwisho kushonwa. Kwanza hushonwa mfuko wa uzazi, halafu utando mgumu ulio juu ya misuli. Huo utando ndio unaobeba tumbo. Ukiachia, unapata henia. Ngozi inaweza kushika kwa siku 7 hadi 10 huku utando bado mchanga. Ndiyo maana tunakukataza ndoo ya maji na mzigo wa kuni wiki 6, hata kama nje pamekauka. Baba na mama mkwe, hapo nawaomba msaada wenu.

Madaktari nao walibishana kuhusu ushonaji wa ndani. Utafiti uitwao CORONIS ulichukua akina mama zaidi ya 15,000 katika nchi 7, Kenya ikiwemo. Walilinganisha, kwa mfano, kushona mfuko wa uzazi tabaka moja au mawili, na aina mbili za uzi. Majibu ya 2013, na ya 2016 baada ya kuwafuatilia miaka 3, hayakuonyesha tofauti kubwa. Kwa hiyo usilale unawaza uzi.

Cha kuwaza ni hiki: kovu la nje halikuambii mfuko wa uzazi ulichanwaje. Unaweza kuwa na kovu zuri la kulala, kumbe ndani mfuko umechanwa kwa kusimama hadi juu. Huo una hatari zaidi ya kupasuka uchungu wa mimba inayofuata ukianza, na ukipasuka mama na mtoto wote wako hatarini. Omba iandikwe kwenye karatasi yako, uitunze, uionyeshe kliniki siku ya kwanza ya mimba nyingine. Na usisubiri uchungu kijijini, hasa masika barabara zikiharibika. Sogea mapema karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji.

Ukiona usaha, harufu, homa, mshono kuachia, au majimaji ya damu kutoka ghafla, njoo siku hiyo hiyo. Usipake majivu wala dawa ya majani.

Kama una karatasi ya operesheni nyumbani, itafute leo. Haielezi mfuko ulivyochanwa? Rudi ulikofanyiwa, uulize.