Uwanja Kwanza, Marufuku Baadaye

Mpwa wangu alinijia Makunduchi na Toyota Starlet aliyoinunua mkono wa pili. Alikuwa amezifupisha springi, akabadilisha ekzozi na kufunga magurudumu mapana kuliko yale ya kiwandani. Kwenye paji la uso alibandika plasta. "Mjomba, nilikosa kona kidogo tu," alisema. Kona hiyo ilikuwa katika barabara ya kijiji, saa tano za usiku, kando ya nyumba zilizolala watoto.

Sikumgombeza. Nilipokuwa nikisoma Nairobi nilipata kwenda viwanja vya Jamhuri kutazama mbio za autokrosi. Njia yake ni ya vumbi, nayo imefungwa isiingiliwe na mpita njia. Dereva hushindana na saa. Magari hugawanywa kwa madaraja, yenye turbo na yasiyo nayo, na watoto nao wana vigari vyao. Kabla ya mbio hukaguliwa breki, mikanda, kofia ngumu, hata namna betri ilivyofungwa. Hapo anayekosea hupoteza sekunde zake mwenyewe.

Basi tulimwomba ruhusa sheha, tukapanga ndoo nane katika kiwanja kitupu. Nilishika usukani mimi kwanza, kwa mwendo mdogo, nikaangusha ndoo tatu. Kijana alicheka, kisha akaangusha nne. Kufika alasiri alikuwa amegundua mambo ambayo nasaha zangu zisingemfundisha: breki hukanyagwa kabla ya kona na si ndani yake, macho hutangulia gari, springi fupi hugonga kila jiwe, na kelele za ekzozi hazipunguzi hata sekunde moja. Fedha zake zote alizitumia kwa ajili ya macho na masikio ya watu. Wiki iliyofuata alinunua pedi mpya za breki.

Mwaka 1965 Joginder Singh, fundi wa magari wa Kenya, na nduguye Jaswant walishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Ufundi wa namna hiyo haukosekani katika gereji zetu za uchochoroni. Kinachokosekana ni mahali pa kuupimia.

Nasi wa Makunduchi hatuhitaji kwenda mbali kutafuta hekima hii. Katika Mwaka Kogwa, wazee wetu hawakuipiga marufuku hasira ya vijana. Waliitengea siku, uwanja, silaha isiyoua, yaani mgomba, na mwisho unaojulikana. Kisha watu wote hula pamoja. Leo kijana mwenye gari tumemwekea faini peke yake. Faini ni halali, na barabara si ya mchezo. Lakini sheria inayojua kukataza tu humsukuma mkosaji aingie gizani zaidi.

Sidai kiwanja cha mabilioni. Nadai kiwanja cha vumbi, siku moja kwa mwezi, mkaguzi wa magari, gari la wagonjwa na saa. Petroli na tairi wenyewe watajinunulia, kama wanavyojinunulia sasa kwa ajili ya usiku.

Ruhusa ya sheha ilikuwa ya siku moja. Barua ya kuomba ya kudumu nimekwisha kuiandika. Nimeipeleka ofisi mbili, na kila moja imenielekeza kwa nyenziwe. Mpwa wangu huniuliza kila Ijumaa imefika wapi, na funguo za gari ziko mkononi mwake.