Usiku wa Muzdalifa na mto wa mama

Muzdalifa haina mahema. Jambo hili hufundishwa katika semina za mahujaji, na bado wapo wanaolitambua pale tu wanaposhuka kwenye basi. Hujaji anayetoka Arafa baada ya jua kuchwa, mwezi 9 Mfungo Tatu, hufika katika bonde la kokoto na lami lililozungukwa na vilima vya mawe. Juu ni mbingu na taa ndefu za umeme. Chini ni ardhi ambayo bado inatoa joto la mchana. Hapo huswaliwa Magharibi na Isha kwa kukusanywa, hapo wengi huokota vijiwe, na hapo ndipo hulaliwa. Bwana Mtume (s.a.w.) mwenyewe alijinyoosha hapo mpaka alfajiri.

Ndugu msomaji, nataka kuzungumzia kitu kidogo katika usiku huo mkubwa: mto wa kulalia.

Nilijaaliwa kuhiji pamoja na mama yangu mzazi. Siku za kufunga mizigo, mama aliniletea mto wake wa sufi, ule mzito alioulalia kwa miaka mingi. Akaniambia, "Mwanangu, shingo yangu imezoea huu." Nikamjibu kwa adabu, lakini kwa haraka ya mtu anayejiona mjuzi: "Mama, mizigo mikubwa itabaki hotelini Makka. Siku za Mina, Arafa na Muzdalifa tutakuwa na begi moja la mgongoni, na mbebaji ni mimi." Mama akanyamaza. Nikanunua mito miwili ya kupuliza, ya aina moja. Usiku ule ule nikaujaza wangu, nikaulalia hadi asubuhi, nikaridhika nao. Wa mama sikuufungua.

Muzdalifa tulitandika mkeka wetu kando ya wanawake wengine wa kundi letu. Nikapuliza mito yote miwili, nikampa mama wake, tukalala. Nilipoamka kabla ya alfajiri nilimkuta ameketi, kichwa amekiegemeza kwenye begi la vijiwe na viatu. Mto wake ulikuwa bapa kama karatasi. Ulikuwa ukitoa pumzi polepole kwenye mshono. Nilipomuuliza kwa nini hakuniamsha, alisema, "Ulikuwa umechoka, baba. Na wako ulikuwa mzima."

Asubuhi shingo yake haikugeuka. Tulipofika Mina, kiongozi wa kundi alitueleza kwamba mwenye udhuru hana haja ya kukimbilia Jamara asubuhi, kwani wakati una wasaa. Mama akakaa hemani mchana kutwa huku akikandwa kwa kitambaa cha maji ya moto. Jioni, akiwa ameushika mkono wangu, alitupa vijiwe vyake saba kwa mkono wake mwenyewe. Nilimshukuru Mola, nami nikajua kwamba nusura nimkoseshe mama jambo alilolisubiri umri wake wote kwa sababu ya kizembe.

Kwa hiyo, kwa wale wanaojiandaa, nasema haya niliyojifunza.

Mto wa safari ni wa namna tatu. Wa kupuliza una uzito wa takriban gramu 100, nao hukunjika ukatosha kiganjani. Aibu yake ni kwamba ukitoboka hauna faida tena. Wa sponji ya kubana una uzito zaidi, mara mbili au tatu ya ule, na hujaza nafasi katika begi, lakini hautoi pumzi. Wa tatu hauuzwi dukani: ni mfuko wa kitambaa unaoujaza nguo za akiba. Mwanamume anaweza kuutia ihramu yake ya pili, na mwanamke khanga na baibui. Huu ndio mwepesi kuliko yote, kwani vilivyomo ungevibeba vyovyote iwavyo.

Kimo chake nacho kina hesabu. Sunna ni kulalia ubavu wa kulia, na alalaye kwa ubavu huhitaji mto wa kuziba nafasi iliyopo baina ya bega na sikio. Alalaye chali humtosha mto mwembamba. Mto wa kupuliza usijazwe hadi ukawa mgumu kama mpira. Uache ulegee kidogo, kisha uufunike kwa khanga ya pamba, maana plastiki huteleza na hutoa jasho. Ile mito ya umbo la kwato hufaa kwenye kiti cha ndege, lakini mtu akijinyoosha chini haimpi faida kubwa.

Wanaume huuliza iwapo mto unavunja sharti la kutofunika kichwa katika ihramu. Wanavyuoni wamebainisha kuwa kukilaza kichwa juu ya mto si kukifunika. La kuangalia ni manukato: usiufue kwa sabuni yenye harufu nzuri wala usiupulizie marashi, kwani aliye katika ihramu ameyaepuka hayo.

Wapo watakaosema kwamba hija ni mahali pa kuacha raha. Ni kweli, lakini imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa na mto wa ngozi uliojazwa nyuzi za mtende. Aidha, aliwaruhusu wanyonge wa ahali zake kuondoka Muzdalifa usiku kabla ya msongamano wa watu. Kumhurumia dhaifu katika usiku ule ni sehemu ya mafunzo ya mahali penyewe.

Tangu niliporejea, katika semina ya msikiti wetu tumeongeza somo fupi. Kila hujaji huja na mto wake, huujaza mbele yetu, huukalia, kisha huulalia nyumbani usiku mzima kabla ya kuufunga begini. Aliyefuatana na mzazi huukagua wa mzazi kwanza. Mama huhudhuria somo hilo kila mara akiwa na mto wake wa sufi mapajani, nami ninapofika kwenye kipengele hicho hunitazama akatabasamu.

Wabillahi tawfiq.