Mkono wa Breki

Kwa miaka sita niliendesha treni kwa vidole viwili. Kimoja kilikaa juu ya herufi D, kingine juu ya A: D kuongeza nguvu ya injini, A kupunguza. Breki zilikuwa upande wa kulia wa kibodi, nuktamkato kuachia na ritifaa kufunga, vitufe ambavyo watu wengi huvigusa mara chache sana kwa siku. Vyangu vilifutika maandishi.

Mchezo wenyewe ulikuwa Microsoft Train Simulator, uliotengenezwa na kampuni ya Kuju ya Uingereza na kutoka mwaka 2001. Niliupata mwaka 2003 pamoja na kompyuta ya mtumba niliyoinunua Kariakoo, Dar es Salaam, kwa akiba ya mwaka mzima. Ulikuwa na njia sita: Settle hadi Carlisle kule Uingereza, Innsbruck hadi St. Anton kule Austria, mbili za Japani, Philadelphia hadi Washington, na Marias Pass katika jimbo la Montana. Mimi nimezaliwa Tabora, kwenye kota za reli, pale Reli ya Kati inapogawanyika, moja ikienda Kigoma na nyingine Mwanza. Tulilala kwa honi tukaamka kwa honi. Kwa hiyo sikuhangaika na treni za kasi za Washington. Nilikwenda moja kwa moja Montana, kwenye treni za mizigo.

Marias Pass ni mahali reli inapovuka mgongo wa Amerika. Njia hiyo aliipata mhandisi John F. Stevens mwezi Desemba 1889, katikati ya majira ya baridi. Ndiye huyo huyo aliyekuja baadaye kuwa mhandisi mkuu wa Mfereji wa Panama. Kilele chake kiko mita 1,589 juu ya usawa wa bahari, na upande wa magharibi reli inateremka kwa asilimia 1.8, yaani kila mita 100 unazokwenda unashuka karibu mita 2. Kwa gari dogo huo si mlima wa kuzungumzia. Kwa treni ndefu iliyosheheni nafaka, ni mteremko unaodai akili yako yote.

Na hapo ndipo nilipokuwa nikishindwa. Ninabonyeza ritifaa mara moja, kimya. Mara ya pili, kimya. Ninabonyeza mara tano kwa hofu, halafu breki zote zinakuja kwa pamoja na treni inasimama katikati ya mteremko. Ninaachia, inaanza kuteleza. Ninafunga tena kabla upepo haujajaa kwenye mabomba, na safari hii breki hazina nguvu. Treni inachomoka. Macho yangu hayakuwa kwenye reli wala kwenye taa za ishara. Yalikuwa kwenye namba zinazojitokeza ukibonyeza F5, nikizikodolea kama mtu anayesoma mita ya maji. Kwa miaka sita niliamini tatizo ni mimi, kwamba damu ya reli haikunifikia.

Mwaka 2009 binamu yangu anayeishi Detroit alikuja kusalimia, na kwenye begi lake, katikati ya nguo, kulikuwa na RailDriver. Ni deski dogo la dereva wa treni linalotengenezwa katika jimbo hilo hilo la Michigan na P.I. Engineering. Nilikuwa nimeitazama picha yake miaka mingi bila kuthubutu kuuliza bei. Nilipoiweka mezani na kuchomeka waya wa USB, sikuwasha mchezo kwanza. Nilikaa nikiishika.

Kushoto kabisa kuna mkono mfupi wa rivasi: mbele, katikati, nyuma. Unaofuata ni mkono wa nguvu, ambao una mahali pa kutulia katikati. Ukiupeleka upande mmoja unaongeza nguvu ya injini, ukiupeleka upande wa pili unapata breki ya mota, ile inayozigeuza mota za magurudumu kuwa jenereta na kuutoa mwendo kama joto. Wa tatu ni breki ya treni nzima. Wa nne ni breki ya kichwa cha treni peke yake. Kisha zipo swichi mbili za kuzungusha, moja ya waipa na moja ya taa, safu za vitufe unavyovipangia kazi mwenyewe, na kidirisha chenye tarakimu tatu kinachoonyesha mwendo. Kabla ya kutumia kifaa hiki unakisawazisha: programu inakuomba upeleke kila mkono mwisho wa huku na mwisho wa huko, ili kompyuta ijue mipaka yake.

Ule mkono wa nne una siri ambayo kibodi haikuwahi kunifundisha. Ukifunga breki ya treni, breki za kichwa nazo hufunga pamoja na za mabehewa. Hilo si jambo zuri wakati wote, maana kichwa kikizuiwa sana mbele, mabehewa yanakisukuma na kubanana nyuma yake. Basi mkono wa breki ya kichwa unaweza kuusukuma kidogo kwa ubavu, kama mtu anayeegemeza mlango kwa kiwiko, na upepo wa silinda za kichwa unatoka huku mabehewa yakiendelea kushikwa. Kwenye RailDriver unausukuma kwa ubavu vivyo hivyo. Kwenye kibodi kazi hiyo ilikuwa kitufe tu kati ya vitufe, na sikujua ipo.

Lakini kilichonibadilisha hasa ni kitu rahisi zaidi. Kitufe ukikiachia kinarudi juu na kusahau. Mkono unabaki pale ulipouacha. Ukiufunga robo, unabaki robo, na kiganja chako kinajua ni robo bila macho kushuka mezani. Breki ya upepo, ile aliyoiboresha George Westinghouse mwaka 1872, inafanya kazi kinyume na watu wengi wanavyodhani: bomba linalopita chini ya treni nzima hujazwa upepo ili breki ziachie, na dereva akitaka kusimama anapunguza upepo huo. Faida yake ni kwamba bomba likikatika treni inajifunga yenyewe. Gharama yake ni muda. Upepo ukipungua huku mbele, habari inachukua sekunde kadhaa kufika behewa la mwisho, na kuujaza tena kunachukua muda mrefu zaidi. Dereva anafunga kidogo, anangoja, anasikiliza, anaongeza kidogo. Kidole kilicho juu ya kitufe hakiwezi kungoja, kimezoea kubonyeza. Mkono ulioshika wenzo unaweza kungoja, kwa sababu tayari umeshika kitu.

Wiki ya tatu niliteremka Marias Pass hadi chini bila kusimama mahali nisipotaka. Breki ya mota ilibeba kazi kubwa, breki ya treni nikaigusa mara mbili tu. Ilikuwa saa nane za usiku na mke wangu alikuwa amelala. Nilitoka nje nikasimama uani.

Mwaka 2012 mjomba wangu alikuja Dar kutibiwa mtoto wa jicho. Alikuwa dereva wa treni kwenye Reli ya Kati hadi alipostaafu, na ndiye niliyekuwa nikimsubiri utotoni pale stesheni ya Tabora akishuka na kifurushi cha samaki wakavu kutoka Kigoma. Jioni moja alinikuta mezani.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Hicho ni nini?”

Nikamwelezea. Akakaa, akaweka kiganja juu ya mikono minne mmoja baada ya mwingine, polepole, kama anayehesabu watoto. Akasema ni miepesi mno, na kwamba wa kwake ulikuwa unataka bega. Kisha akasema, “Lakini imekaa mahali pake.” Kioo cha kompyuta hakukiona vizuri, kwake kilikuwa ukungu wenye rangi. Akaniambia niongeze sauti.

Nikampa Marias Pass. Nilimsomea ishara za mbele na kikomo cha mwendo, kazi ya utingo, yeye akaendesha kwa masikio. Kila alipofunga breki kidogo alikaa kimya akisubiri mlio wa upepo ukome, halafu ndipo aliposogeza tena. Hakuniuliza namba hata moja. Tulipofika bondeni akauliza tumesimama wapi. Nikamwambia mita chache kabla ya ishara. Akatikisa kichwa, akaomba chai.

Tulipokuwa tunakunywa, akaongea kuhusu Igandu. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilirudi nyuma kwa kasi kwenye mteremko katika mkoa wa Dodoma na kugongana na treni ya mizigo. Watu zaidi ya 280 walipoteza maisha. Hakuna mtu wa familia ya reli ambaye hakumbuki alikuwa wapi siku habari zilipofika. Mjomba aliuelekeza uso kwenye kile kifaa akasema, “Huku ukikosea unaanza upya. Basi kosea hapa hapa mpaka umalize.” Tangu usiku ule sijaruhusu mtu anayecheza kwangu aangushe treni kwa makusudi ili aone inavyoanguka.

Hewa ya bahari haina huruma na vifaa vya umeme. Dirisha la chumba changu hubaki wazi mchana kutwa, na kufikia mwaka 2015 mkono wa breki ya treni ulikuwa unaruka: nimeuacha robo, kompyuta inasoma nusu. Nilikipeleka kifaa kwa fundi redio. Akafungua skrubu za chini, akaniwekea mbele ya macho kile kipande cha kuzunguka kinachoieleza kompyuta mkono uko wapi, ndugu wa kile cha sauti kwenye redio ya kawaida, akakisafisha kwa dawa ya kupuliza. Kikarudi. Nikanunua kitambaa cha kukifunika.

Michezo nayo imebadilika. Njia sasa zinaonyesha kila jani na kila bolti. Wajapani walikuwa wametutangulia kwa jambo hili la mikono: Densha de Go! ya Taito ilianza kwenye mashine za mitaani mwaka 1996, na ilipoingia PlayStation mwaka uliofuata kulikuwa na kidhibiti chake chenye mikono miwili, wa kushoto wa nguvu na wa kulia wa breki, na heshima yote ya mchezo ilikuwa kusimama sawasawa na alama ya jukwaa. Siku hizi treni nyingi za umeme za huko kwao zina mkono mmoja tu: vuta kwako uende, sukuma mbele usimame. Vidhibiti vya mkono huo mmoja navyo vinauzwa.

Mwezi Juni 2024 treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, nilipanda wiki ya pili. Watu walikuwa wakipiga picha za kioo kinachoonyesha mwendo, karibu kilomita 160 kwa saa. Mimi nilifumba macho kila tulipokaribia kituo, Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, nikiweka kiganja juu ya goti. Breki ilishika mapema, ikashika kwa kina, kisha ikalegea polepole kabla magurudumu hayajasimama, hata chai ya jirani yangu haikutikisika. Nilitamani mjomba awe pembeni yangu.

Vijana wanaopenda treni huniuliza wanunue nini. Vidhibiti vya kawaida vya michezo, vyenye vijiti vinavyorudi katikati ukiviachia, havifai kwa treni, hata viwe vya bei gani. Nunua chochote chenye mkono wa breki unaobaki pale ulipouacha. Kama fedha haitoshi, tengeneza: kipande cha mbao, wenzo wa chuma, na kile kipande cha sauti kutoka redio mbovu vinatosha kuanzia, na mafundi wa Kariakoo wanajua kukiunganisha.