Mivinje ya Maziwe

Mswada wa riwaya yangu ulirudishwa na barua fupi. Sentensi moja iliniuma: eti mwandishi hajafika Pangani. Kweli, ndugu msomaji, sikuwa nimefika. Nilipomaliza kidato cha nne nilijifungia chumbani, Tanga, nikamtunga tarishi wa Abushiri anayevuka Mto Pangani usiku kwa kuogelea, kisha anajificha msituni kwenye kisiwa cha Maziwe. Na toka Tanga hadi Pangani ni kama kilomita 50 tu. Aibu, bwana!

Basi nikaenda. Niliona nyumba za mawe zinazobanduka chokaa, milango ya nakshi, na Boma. Hapa watu waliwakatalia Wajerumani mwaka 1888. Hapa Abushiri bin Salim alinyongwa Desemba 1889. Na hapa Shaaban Robert aliwahi kuwa karani wa forodha. (Nilizunguka mji mzima nikijiuliza alikaa nyumba ipi. Tuliao na ugonjwa wa kuandika tutaelewana.)

Gatini nilishangaa: mto ulikuwa unarudi nyuma! Bahari ilikuwa inajaa, inayasukuma bara maji yaliyotoka mbali huko Kilimanjaro na Meru. Tarishi wangu angesombwa kama kifuu. Nikafuta kurasa mbili.

Kesho yake mzee mmoja mvuvi alinipeleka Maziwe kwa boti yake. Nilikuta fungu la mchanga mweupe, basi. Hata kichaka hakuna, na maji makubwa yakija hulifunika lote. Nikatoa kalamu nikaanza kufuta na msitu.

"Waandika nini, mjukuu wangu?"

Nikamweleza. Alicheka, halafu akanyamaza.

"Nani kakwambia hapakuwa na miti? Ujanani mimi nimelala chini ya mivinje, hapo hapo uliposimama. Usiku twawasikia kasa wanapanda kutaga. Miti ikaisha, bahari ikala mchanga."

Nilisimama na kalamu yangu kama mwizi. Kisiwa kilitangazwa hifadhi mwaka 1975, miti ikiwapo bado. Kasa hawajaacha kuja. Ila mayai yao watu huyahamishia ufukwe wa Ushongo, yasizame. Na mimi, kwa kuona mara moja tu, nilikuwa nafuta kitu cha kweli.

Maji yalianza kutulamba miguu, tukaondoka. Njiani nikauliza, "Babu, mivinje ikipigwa na upepo usiku, inaliaje?"

Mzee akazima mashine ili nisikie vizuri, akaniigizia.