Damu Yetu Inapojadiliwa



Wasomaji wetu wamezoea kutukuta hapa tukizungumza juu ya malezi, ndoa, mirathi na adabu za nyumbani. Wiki hii twaomba ruhusa ya kuwapeleka mahali ambapo wengi wenu hamjafika, nalo ni baraza la watafiti wa vijidudu vya maradhi na kinga ya mwili. Wenyewe hukiita kikao hicho semina. Twakileta mbele yenu, na hasa mbele yenu akina mama, kwa sababu kinachojadiliwa humo ni damu ya watoto wenu.

Kwa miaka kadhaa sasa, tukiwa miongoni mwa wazee wa mtaa, tumekuwa tukialikwa mara moja moja kuhudhuria vikao vya namna hiyo. Sisi ni watu wa madrasa, na elimu ya vijidudu hatukuisomea. Lakini kukaa kitako mbele ya msomeshaji na kutega sikio ni kazi tuliyoanza tukiwa wadogo, kwa hiyo mwendo wa kikao haukutupa tabu. Mtu mmoja husimama akaeleza alichokitafuta, njia aliyoitumia na alichokipata. Michoro huonyeshwa ukutani, mistari inayopanda na kushuka. Baada ya hapo hufika sehemu ambayo ndiyo roho ya kikao, nayo ni kuulizwa. Huulizwa na mkubwa na mdogo pia. Umejuaje? Watoto walikuwa wangapi? Waliohamia mji mwingine uliwahesabu vipi? Pengine sababu si hiyo uliyoitaja bali ni nyingine? Hakuna anayeruhusiwa kujikinga kwa cheo chake. Tena tumeona kwamba anayekiri kuwa jambo fulani halijamdhihirikia husikilizwa kwa heshima zaidi kuliko anayebahatisha.

Sisi tuliolelewa katika elimu ya sanad twaujua uzito wa swali la "umepokea kwa nani?" Mwanazuoni wa hadithi hupima ukweli na hifadhi ya msimulizi. Mtafiti wa maradhi hupimwa kwa idadi zake, vipimo vyake, na uwezo wa mtu mwingine kuirudia kazi ile ile akapata jibu lile lile. Njia ni mbali mbali, lakini khofu ni moja: khofu ya kuwapa watu jambo lisilo na msingi.

Pwani yetu ina haki ya pekee katika habari hii. Tangu mwaka 1989, Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, yaani KEMRI, ikishirikiana na Wellcome Trust ya Uingereza, imekuwa na kituo cha utafiti mjini Kilifi, ubavuni mwa hospitali ya huko. Chandarua kilichotiwa dawa, ambacho leo kila nyumba yakijua, kilifanyiwa majaribio Kilifi katika miaka ya 1990, na ikaonekana kwamba vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa kiasi cha thuluthi. Chanjo ya kuzuia vichomi vinavyoletwa na bakteria wa nimonia ilipoingizwa nchini mwaka 2011, ni Kilifi walikofuatiliwa watoto mwaka baada ya mwaka ili ijulikane kama yafanya kazi. Ilifanya kazi, na kwa kiwango kikubwa.

Katika habari tulizozisikia humo, moja ilitukaa moyoni kuliko nyingine zote. Inahusu aina ya damu iitwayo Dantu. Damu hiyo ni adimu sehemu nyingi za dunia, lakini Kilifi, takriban mtu mmoja katika kila kumi ameirithi kwa mzazi mmoja au kwa wote wawili. Kimelea cha malaria hakiwezi kuishi mwilini mwa mwanadamu bila kupenya ndani ya chembe nyekundu za damu. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2020 yalieleza kwamba utando wa chembe za mwenye Dantu umekazika zaidi, mfano wa ngoma iliyowambwa barabara. Kimelea huja, hugonga, hujaribu kuingia, nacho mara nyingi hushindwa. Mtoto aliyeirithi damu hiyo kwa baba na kwa mama huwa na kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Fikirini, ndugu zetu: kuna bibi zetu huko vijijini waliolea watoto, wakaona nyumba hii malaria yaua na nyumba ile yapita tu, wasijue sababu. Sababu ilikuwa imo ndani ya mishipa, nayo haikujulikana mpaka damu ya wajukuu wao ilipowekwa chini ya darubini.

Habari nyingine ilitutia simanzi, lakini twaona lazima isemwe. Kwa muda mrefu madaktari wa nchi nyingi walifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali na mwili uliolegea, mikono na miguu ikiwa baridi, atiwe maji mengi ya mshipani kwa haraka. Watafiti wa Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi ikiwamo, wakaamua kulipima jambo hilo badala ya kulifuata kwa mazoea. Watoto waliohusika walikuwa 3,141. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011. Katika kila watoto mia waliotiwa maji kwa haraka, walifariki kumi au kumi na mmoja ndani ya siku mbili. Katika kila mia ambao hawakutiwa maji kwa namna ile, walifariki saba. Kilichodhaniwa ni uokozi kilikuwa kinaongeza mauti. Elimu ambayo haina mlango wa kuhojiwa ingeendelea na dawa ile mpaka leo, na hakuna ambaye angejua.

Sasa tuje kwenye dukuduku. Katika mtaa wetu yupo mama mmoja, mjane, ambaye mwanawe aliandikishwa katika utafiti fulani akiwa mchanga. Kila baada ya miezi kadhaa alitolewa damu, kiasi cha kijiko cha chai. Siku moja alitujia barazani baada ya Alasiri, akiwa na mtoto wa pili mgongoni, akatuambia: "Sheikh, mwanangu huyu mkubwa ametolewa damu miaka mitatu. Kila wakija huniambia ahsante mama. Mpaka leo sijaambiwa walichokiona. Sasa wamtaka na huyu mdogo. Niwape, nisiwape?"

Tulimwambia akae, tukamsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa uvumi. Lakini sote tuliozaliwa Pwani twaijua hadithi ya mumiani, yule mtu wa usiku asemekanaye kunyonya damu za watu akatengenezea dawa. Tukiwa watoto tulitishwa naye tusichelewe kurudi nyumbani baada ya Magharibi. Hadithi ya namna hiyo haifi kwa kuchekwa. Hufa kwa maelezo. Penye kimya cha mwenye elimu, mvumishaji hupata mimbari. Mama yule alikuwa ameanza kusikia majirani wakinong'ona, na hakuwa na jibu la kuwapa, kwa sababu hakuna aliyempa yeye.

Alikuwa na swali la pili, zito kuliko la kwanza. Alikuwa amesikia redioni kwamba chanjo ya malaria imepatikana, na kwamba watoto wa Kilifi walishiriki katika kuijaribu, lakini wa kwanza kuchanjwa katika mpango wa serikali walikuwa watoto wa kando ya Ziwa. "Sisi tutoe damu, wengine wapate dawa?" aliuliza.

Hatukumjibu papo hapo. Swali la watu halijibiwi kwa kukisia. Tulilibeba, na kikao kilichofuata tulikwenda nalo.

Siku hiyo aliyesimama mbele alikuwa binti wa Pwani, amejitanda mtandio wake, anazungumza juu ya namna mwili wa mtoto unavyojifunza kupambana na malaria. Saa nzima alizungumza Kiingereza, wala hatukumlaumu, kwa kuwa ndiyo lugha ya ukumbi ule. Ulipofika wakati wa maswali tukanyosha mkono, tukauliza kwa Kiswahili, kwanza lile swali la Ziwa. Pakawa kimya kidogo. Binti akasema, "Shikamoo, sheikh. Nitajaribu."

Akaeleza kwamba chanjo ya kwanza ilijaribiwa katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, kwa watoto zaidi ya 15,000, na Kilifi ilikuwa kimojawapo. Kwa watoto waliopata dozi zote nne kuanzia umri wa miezi mitano, ilipunguza malaria kwa kiasi cha thuluthi hivi. Mwaka 2019 ilianza kutolewa kwa mpango maalumu katika Ghana, Malawi na Kenya, na hapa Kenya ikapelekwa kaunti za ukanda wa Ziwa kwa sababu huko ndiko malaria inakoua zaidi, ilhali Pwani ilikuwa imepungua sana. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipitisha itumike kwa watoto wa Afrika, na Oktoba 2023 likapitisha ya pili, ambayo nayo Kilifi ilikuwa miongoni mwa mahali ilipojaribiwa.

Tukamuuliza tena: kwa nini thuluthi tu? Hapo akatafuta maneno, tukaona anavyohangaika kuyaita kutoka nyumbani kwao. Kisha akasema kwamba damu ina askari wanaoitwa kingamwili, ambao hukumbuka sura ya adui waliyemwona zamani. Kimelea cha malaria ni kama mwizi abadilishaye kanzu kila usiku. Mtoto huugua, akapona, akamjua mwizi wa kanzu nyeupe. Mwizi hurudi na kanzu ya kijani. Ndiyo maana kinga huja polepole, na ndiyo maana damu ya mtoto mmoja hutazamwa miaka mingi. Wanataka kujua askari wamekariri sura zipi, na hukumbuka kwa muda gani.

Mwenye kusimamia kikao akamwomba awafasirie wageni waliyoyasema. Kwa dakika chache, wale wasiojua Kiswahili ndio waliongoja. Wakati huo ndipo tuliposimulia malalamiko ya yule mama, bila kumtaja. Hakuna aliyebisha. Mzee mmoja wa fani ile alisema kwamba damu isiyorudishiwa habari ni deni.

Tulirudi kwa mama yule na majibu yote, pamoja na jambo moja ambalo hakulijua: kwamba ridhaa yake ni yake, aweza kuuliza lolote kabla ya kuitia sahihi, aweza kujitoa siku yoyote, na mtoto wake asinyimwe tiba kwa sababu hiyo. Akafikiri siku mbili. Mkubwa akamwacha aendelee, kwa kuwa alipenda kujua mwisho wa kazi ile. Mdogo akakataa kumwandikisha. Sisi hatukumsukuma huku wala kule, kwa sababu yeye ndiye mlezi, na mlezi aliyeelimishwa hutosha kuamua. Watafiti walilipokea jibu lake kwa adabu.

Kwa hivyo, akina mama na walezi, anapokuja mtu mlangoni na karatasi ya ridhaa, msiikatae kwa woga wala msiitie sahihi kwa haya. Mkaribisheni, kisha muulizeni mambo manne. Mwatafuta nini? Mtoto wangu atapata nafuu gani au tabu gani? Damu itawekwa wapi na kwa muda gani? Na mkishamaliza, nani atarudi kunieleza, kwa lugha gani? Asiyeweza kujibu la nne bado hajamaliza kazi yake.

Nanyi watafiti, ambao twajua baadhi yenu huusoma ukurasa huu majumbani kwa mama zenu, twawaomba jambo moja. Kila mnapofanya semina moja ukumbini, fanyeni nyingine barazani, chini ya mwembe, kwa Kiswahili au Kigiriama, na muwaache akina mama wawahoji kama mnavyohojiana wenyewe. Msidhani watashindwa. Mama aliyekesha na mtoto mwenye homa ana maswali ambayo profesa hayafikirii.

Na wenye mabinti wapendao hesabu na sayansi, msiwakatishe tamaa. Ukumbi ule ulikuwa na wataalamu wengi, lakini aliyeweza kuichukua habari ya damu yetu akairudisha ikaeleweka ni yule aliyelelewa kwa lugha yetu. Tukipata wengi mfano wake, mumiani atakosa pa kulala.

Wabillahi tawfiq.